Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Aliye Kati ya Sinza na Kijitonyama

Kwa Mheshimiwa Sana,
Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni inayotuletea intaneti majumbani,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA ANWANI, AU MSAADA MBADALA

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa buheri wa afya, pamoja na mama watoto, wajumbe wa Bodi yako tukufu, makatibu muhtasi, dereva, na yule kijana wa huduma kwa wateja ambaye kila nikipiga simu hunielekeza nizime ruta, nisubiri kidogo, kisha niiwashe. Naomba umfikishie salamu zangu kwa namna ya pekee. Nimeizima na kuiwasha kwa utiifu, na nitaendelea kufanya hivyo kila atakaponiagiza.

Rejea somo tajwa hapo juu. Natambua, Mheshimiwa, kwamba ombi la mteja wa kifurushi cha nyumbani halipandi lifti hadi ghorofa unayokaa. Huishia mapokezi, likapewa namba, na namba hiyo ikaletwa kwenye simu yangu kwa ujumbe mfupi unaonishukuru kwa uvumilivu. Sina kinyongo na utaratibu huo. Mtu mwenye majukumu kama yako hawezi kusoma kila karatasi, na ndiyo sababu nimeiandika hii wazi, ili wewe ukikosa nafasi ya kuisoma, wasome majirani zangu, ambao wengi ni wateja wako.

Kabla ya ombi, shukrani. Faiba yako ilipoletwa mtaani kwetu Sinza, vijana wako walipanda nguzo, wakatoboa ukuta kwa ustadi, wakafagia vumbi la matofali wenyewe bila kuombwa. Tangu siku hiyo mama yangu huwaona wajukuu wake kwenye kioo bila sura zao kukwama katikati ya tabasamu. Hilo nalisema kwa moyo mweupe. Umetuletea kitu kikubwa, na kwa sababu ni kikubwa, nahuzunika kuona kimeletwa nusu.

Nieleze hali ilivyo. Nyumbani kwangu, kwenye kabati chini ya runinga, ipo kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kiganja. Ndani yake nimehifadhi sauti za marehemu baba, nilizozitoa kwenye kaseti zake kabla ukanda haujaliwa na joto: baba akisimulia alivyokuja mjini, baba akigombana na shemeji yake kuhusu shamba, baba akikohoa na kuomba maji katikati ya hadithi. Humo pia nimeweka karatasi za kliniki za mama, majibu ya vipimo vyake na orodha ya dawa. Dada yangu anakaa Kijitonyama. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa miguu tu. Yeye ndiye anayempeleka mama kliniki, na yeye pia ni mteja wako, mwenye ruta kama yangu, taa zilezile za kijani, ankara ileile. Ninachotaka ni kidogo, Mheshimiwa: dada akiwa kwenye foleni ya daktari, au usiku akiwa amemkumbuka baba, afungue faili hizo moja kwa moja kutoka kabatini kwangu, bila mtu wa tatu kuzipokea, kuzihesabu, wala kuzihifadhi.

Haiwezekani. Na kwa kuwa vijana wa huduma kwa wateja hawakupata nafasi ya kunieleza kwa nini, nilijieleza mwenyewe. Nilifungua ukurasa wa ruta yako, nikatazama palipoandikwa anwani ya nje. Inaanza na 100.64. Kisha nikauliza tovuti ya nje inaniona kwa anwani gani, ikanitajia nyingine kabisa. Wenye ujuzi wanaifahamu hiyo 100.64. Ni fungu lililotengwa Aprili 2012, lenye anwani zaidi ya milioni nne, kwa ajili ya kampuni za intaneti kuwapa wateja ndani ya uzio wao. Nje ya uzio huo haitambuliki popote. Mlangoni mwa uzio umeweka mtambo wako unaoitwa CGNAT, na nyumba nyingi, yangu ikiwamo, zinatoka nje zikiwa zimevaa anwani moja.

Nashukuru kwa kunihifadhi namna hiyo. Nikifungua tovuti, ombi langu linatoka, mtambo wako unaandika daftarini kwamba nyumba fulani imeuliza, na jibu likirudi linajua pa kwenda. Lakini dada akinitafuta yeye, pakiti yake inafika kwenye mtambo na mtambo haujui ni ya nani, kwa kuwa hakuna nyumba iliyouliza. Unaitupa. Mimi nikimtafuta yeye, yanatokea yaleyale. Tunaruhusiwa kutoka, haturuhusiwi kutembelewa. Zipo programu zenye ujanja wa kutoboa njia: seva ya mbali inawatambulisha wawili, kisha wote wanagonga kwa wakati mmoja, kila mtambo ukidhani mtu wake ndiye aliyeanza. Mara nyingine hupita. Mtambo unaobadilisha namba ya mlango kwa kila anayeongeleshwa huufuta ujanja huo, na hapo mazungumzo yote yanabidi yapitie kwenye seva ya kuyabeba, iliyoko popote ilipo.

Nashukuru pia kwa ujirani mpya ulionipa. Anwani moja ina milango 65,536 yenye namba. Zikiigawana nyumba 64, kila nyumba inabaki na kama elfu moja, na kila simu, runinga na kompyuta ya ndani inadokoa humo. Na jirani nisiyemjua akitukana watu mtandaoni au kompyuta yake ikiingiwa na virusi ikaanza kutuma takataka, tovuti zinaifungia anwani, na anwani hiyo ndiyo yangu pia. Ndiyo maana siku nyingine naamka nikilazimishwa kuchagua picha za taa za barabarani ili kuthibitisha kwamba mimi ni binadamu. Wahandisi wa intaneti waliyaandika matatizo haya ya kushirikiana anwani kwa kirefu tangu Juni 2011. Sitaki kuamini kwamba waraka huo haukuwafikia mafundi wako. Bila shaka nao waliambiwa wazime na kuwasha.

Kwa hiyo dada na mimi tulifanya kama watu wote wanavyofanya. Karatasi za mama zikapanda kwenye hifadhi ya kampuni ya ng'ambo, yeye akazishusha kutoka huko. Yaani majibu ya vipimo vya mama yametoka Sinza, yakashuka baharini, yakalala kwenye kompyuta ya watu wasiomjua mama, yakarudi kwa njia ya bahari, yakafika Kijitonyama. Tanzania ina kituo cha kubadilishana data, TIX, hapa hapa Dar es Salaam, tangu 2004, kilichojengwa ili mazungumzo ya humu nchini yaishie humu nchini. Kituo hicho hakina cha kutusaidia kama kilichotumwa kinakwenda kwa mtu wa nje kwanza. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, nchi nzima iliyumba. Mimi siku ile nilikuwa naweza kumfikia dada kwa miguu kabla chai haijapoa, ila karatasi ya dawa za mama, iliyokuwa ng'ambo, hatukuipata sote wawili. Nilifadhaika sana, Mheshimiwa. Mama alikuwa anaumwa.

Kwa heshima zote, naomba sasa niguse historia kidogo, si kwa kukufundisha, maana nani mimi nikufundishe.

Anwani tunazozigombania, za IPv4, ziliandikwa kwenye kanuni za Septemba 1981. Ni biti 32, yaani anwani 4,294,967,296, pungufu ya idadi ya watu waliokuwa duniani mwaka huohuo. Walioziweka walidhani ni za majaribio. Zilipoanza kuonekana chache, Mei 1994 ukatoka waraka wa NAT, ule ujanja wa kuficha kompyuta nyingi nyuma ya anwani moja, na wenyewe waliouandika wakauita suluhisho la muda mfupi. Suluhisho la kudumu likafuata Desemba 1995, kazi ya Steve Deering na Robert Hinden: IPv6, biti 128. Idadi yake naiandika yote, kwa sababu nataka ionekane ilivyo: 340,282,366,920,938,463,463,374,607,431,768,211,456. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu matano ya mwisho ya IPv4 yaligawanywa kwa mabara, Afrika ikapata lake moja. Tarehe 6 Juni 2012 kampuni kubwa za dunia ziliwasha IPv6 na kuiacha imewaka. Mtoto aliyezaliwa siku ule waraka wa Desemba unatoka leo ni mtu mzima mwenye familia, huenda naye ni mteja wako, nyuma ya mtambo uleule.

Nakushukuru kwa subira hiyo. Viongozi wengi wangeharakisha.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa, serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi. Vijana walipita mtaa kwa mtaa, na leo barabara yetu ina jina kwenye nguzo na geti langu lina kibao chenye namba. Mgeni anafika bila kuuliza dukani. Bibi mmoja jirani yetu, aliyekaa mtaani tangu nyumba zikiwa za kuhesabika, alikifuta kibao chake kwa kanga kila asubuhi kwa muda mrefu, na nilimwelewa kabisa. Kuwa na anwani ni kuwa mtu anayeweza kutafutwa na akapatikana. Nyumba hiyohiyo yenye kibao getini, mtandaoni haina chochote. Serikali imeweza kuhesabu hadi vichochoro vya Manzese, nawe, Mheshimiwa, mwenye nyaya hadi sebuleni kwangu, hujaniona.

Na usidhani naomba kitu kitakachokufilisi. AFRINIC, shirika linalogawa anwani Afrika nzima kutoka Ebène kule Mauritius, likimpa mwenye kampuni ya intaneti IPv6 za kugawia wateja, fungu dogo kabisa huwa ni /32. Likikatwa kwa kipimo cha /56 kwa kila nyumba, linatosha nyumba 16,777,216. Sensa ilituhesabu watu 61,741,120, wastani wa watu 4.3 kwa kaya, yaani kaya milioni 14 na ushei. Fungu moja dogo, Mheshimiwa, lingeifikia kila kaya ya nchi hii kutoka Kagera hadi Mtwara, Unguja na Pemba ndani yake, na bado ungebakiwa na mafungu zaidi ya milioni mbili ya kuwapa wajomba. Na kila nyumba, kwa /56 yake, ingekuwa na mitandao midogo 256, na kila mmoja kati ya hiyo una nafasi 18,446,744,073,709,551,616. Mimi nahitaji nafasi moja, ya kabatini.

Fundi wako mmoja, siku nilipobahatika kumpata aliyelijua jina IPv6, aliniambia mmeizima kwa ajili ya usalama wangu. Niliguswa. Nilikuwa sijui kwamba kuna mtu mahali fulani anakesha kwa ajili yangu. Lakini kwa kuwa usalama huo ni wangu, naomba nami niseme neno juu yake. NAT haikubuniwa iwe mlinzi. Ilibuniwa kubana matumizi ya anwani. Anayelinda ni faiawoli, na ruta ya nyumbani inaweza kuwa nayo kwenye IPv6 kama ilivyo kwenye IPv4. Januari 2011 yalitoka mapendekezo mahususi kwa ruta za nyumbani, kwamba ziwe na ulinzi wa kuzuia kila kitakachokuja bila kualikwa, na mwenye nyumba aweze kufungua mlango autakao. Kufungua mlango mmoja, kwa dada yangu mmoja, kwa ridhaa yangu. Na wanaosema kwamba anwani ya kudumu itamfanya kila mtu afuatiliwe wamejibiwa pia: simu na kompyuta za IPv6 hujitengenezea anwani za muda za kutokea nje, hubadilika kwa kawaida kila siku, huku ile ya kabatini ikibaki palepale kwa wanaoijua.

Siri yenyewe haitoki kwenye anwani, inatoka kwenye ufunguo. Leo ipo WireGuard, iliyoandikwa na Jason Donenfeld na kuingizwa kwenye Linux toleo la 5.6 mwaka 2020. Kompyuta ya kabatini ina ufunguo wake, simu ya dada ina wake, kila mmoja anaujua ule wa hadharani wa mwenzake, na pakiti isiyofungwa kwa ufunguo unaotambulika haijibiwi hata neno, kama vile hakuna mtu ndani. Ungeendelea kuibeba mizigo yetu, Mheshimiwa, na kuona kwamba kitu kimetoka Sinza kimeingia Kijitonyama, saa ngapi na kwa uzito gani. Usingejua ni nini. Wala kampuni ya ng'ambo isingejua hata hilo. Huko ndiko mazungumzo ya ndugu wawili yanakostahili kuwa.

Sisemi watu wote waongee moja kwa moja na kila mtu. Ukimpigia mtu usiyemfahamu, kupitia seva ya katikati kunakuficha anwani yako, na hilo ni jema, aamue mwenyewe anayepiga. Neno langu ni kwamba nami niwe na uamuzi huo. Kwa sasa umeufanya wewe kwa niaba yangu, bila kunisumbua kwa kuniuliza.

Wapo wanaodhani jambo hili ni ndoto ya mafundi. Wenye umri wangu wanaikumbuka Skype. Ilitoka mwaka 2003, imeandikwa na vijana wa Estonia, na hapa Dar watu walijipanga kwenye vibanda vya intaneti, vipokea sauti masikioni, wakiongea na ndugu zao Ulaya na Marekani kwa bei ya kukodi kiti. Sauti ilikuwa inakwenda kutoka kompyuta hadi kompyuta. Waliofichwa nyuma ya NAT walibebwa na watumiaji wenzao waliokuwa na anwani za umma, bila hata kujuana. Kompyuta ya mtu fulani iliyo wazi ilikuwa daraja la wageni. Ni jambo lililonigusa siku nilipolifahamu, kwamba mazungumzo ya mama na mwanawe yalivushwa na ukarimu wa mtu asiyejua kuwa anakarimu. Waliofichwa wakazidi, walio wazi wakapungua, simu za mkononi zikaingia zisizoweza kubeba wengine, na kufikia 2012 kazi ya madaraja ilikuwa imehamia kwenye seva za Microsoft. Tarehe 5 Mei 2025 Skype ikafungwa. Kilichopotea si programu, programu zipo nyingi. Ilipotea ile hali ya nyumba mbili kufikiana, na kila nyumba iliyofichwa nyuma ya mtambo kama wako ilichangia kuipoteza.

Nawe usiniambie kwamba hayo ni ya nchi tajiri. India, yenye watu wengi kuliko nchi yoyote na mabando ya bei nafuu, imeshavusha zaidi ya nusu ya watumiaji wake hadi IPv6, na iliyosukuma gurudumu hilo kuliko zote ni Jio, kampuni ya simu iliyoanza kazi Septemba 2016 ikijua wazi kwamba IPv4 za kuwatosha wateja wake hazipo duniani. Uhaba ndio uliowasogeza mbele. Sisi uhaba huohuo tumeujengea mtambo wa gharama, tukaununulia leseni, tukauwekea umeme na viyoyozi, ili tuendelee nao.

Nirudi kwenye ombi langu. Kwa uungwana wenu, ofisi yako hatimaye ilinipa njia: nikitaka anwani ya umma, nihamie kifurushi cha biashara. Nikaambiwa nilete TIN, leseni ya biashara, na barua yenye mhuri. Nashukuru kwa kunipandisha daraja. Nilikuwa sijui kwamba kumwonyesha dada yangu karatasi za mama yetu ni biashara, wala leseni yake inakatwa dirisha lipi. Nilimweleza dada. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama na yeye atahitaji leseni ya kupokea.

Basi, Mheshimiwa, kwa kuwa sina biashara, na kwa kuwa sitaki kukusumbua uibadilishe mitambo uliyoizoea, nimetafuta njia isiyogusa chochote katika mpangilio wako, bali inayoufuata hatua kwa hatua. Nakuomba kwa unyenyekevu, mikono nyuma, uipokee.

Nimenunua flashi. Nimeweka humo sauti za baba na karatasi za mama, nikaifunga kwenye bahasha. Nafahamu kwamba watu wa nafasi yako husafiri kwenda Ulaya kwa mikutano. Naomba, katika safari yako ijayo, upite Sinza ukielekea uwanja wa ndege, uichukue bahasha hii, uende nayo hadi Frankfurt au London, uishushe pale kwa heshima kwenye meza ya mtu asiyenihusu, aitazame kwa nje na kuandika jina langu, la dada na saa, kisha uirudishe Dar es Salaam uikabidhi Kijitonyama. Ndiyo njia ambayo faili zetu hupita sasa, kwa hiyo hutakuwa umevunja utaratibu wowote wa kampuni.

Ila mawasiliano ya kompyuta yana adabu yake, na sitaki tuivunje. Kabla ya mzigo kwenda, pande mbili husalimiana mara tatu. Kwa hiyo safari ya kwanza itakuwa ya kikaratasi tu, kilichoandikwa "Hodi", kutoka kwangu kwenda kwa dada kupitia Ulaya. Safari ya pili utarudi na cha kwake, "Karibu", kwa njia hiyohiyo. Ya tatu utampelekea changu cha "Ahsante, nimeshakaribia." Hapo ndipo bahasha itaanza safari, na dada akishaipokea utaniletea risiti yake kwamba imefika nzima. Ikiwa mvua, mgomo au kukatika kwa waya kutaipoteza bahasha, nitakupa nyingine na utaanza upya. Mama ana kliniki kila mwezi, kwa hiyo naomba ratiba yako iliangalie hilo.

Kikaratasi cha "Hodi" hakitakwenda moja kwa moja getini kwa dada, maana kwa mpangilio wako yeye hatembelewi. Itabidi umwombe kwanza atoke nje na kukuuliza kama una kitu chake. Asipouliza, utakitupa, na mimi sitalaumu, kwa kuwa nimeshazoea.

Endapo safari hizo zitaonekana nyingi kwa mtu wa umri na hadhi yako, ipo kazi nyingine ambayo fundi wako mmoja anaweza kuifanya akiwa amekaa kwenye kiti chake. Awashe IPv6 kwa wateja wa nyumbani. Ampe kila mmoja /56 isiyobadilika kila ruta ikizimwa na kuwashwa. Faiawoli ya ruta aiache imefunga, na kwenye ukurasa wa mipangilio aturudishie ufunguo wa kufungua mlango mmoja tunaoutaka wenyewe. Mtambo wako wa CGNAT ubaki kwa ajili ya tovuti za zamani, uzeeke kwa amani. Kazi hii haihitaji viza. Sikuitanguliza kwa sababu najua unavyoheshimu taratibu, na nisingependa ionekane namwomba Mheshimiwa jambo jepesi kuliko hadhi yake.

Uamuzi ni wako. Mimi nipo nyumbani siku zote baada ya alasiri, na bahasha ipo juu ya kabati. Dada hupatikana jioni, isipokuwa siku za kliniki ya mama. Nakusihi jambo moja tu ukiwa njiani, hata kama safari ya ndege ni ndefu na huna la kusoma: usiifungue bahasha. Humo baba anaongea na sisi.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mteja wa kifurushi cha nyumbani,
Sinza, Dar es Salaam.

Nakala: Dada, Kijitonyama (nimempelekea kwa mkono).